Tengboche, hekalu lililopandishwa kwa migongo

Wengi wanaopanda bonde la Khumbu, mashariki mwa Nepal, mawazo yao yako kwenye kambi iliyo chini ya Mlima Everest. Tengboche kwao ni pa kulala usiku mmoja na kupita. Mimi na mdogo wangu wa kiume tulipanga vingine: hekalu ndilo liwe safari, na chochote kitakachoonekana mbele yake kiwe nyongeza. Nilikuwa nimesoma kwamba nyumba hiyo ya watawa wa Kibudha imejengwa, ikabomoka, ikajengwa, ikaungua na kujengwa tena, mahali pasipofika barabara. Tangu hapo nikatamani kuikanyaga njia iliyopandisha mbao zake. Haya niliyaandika jioni kwa jioni, kando ya majiko ya nyumba za wageni, na nimeyanyoosha kidogo tu.

Siku ya kwanza: Lukla hadi Phakding

Msimu wa wapandaji ukikolea, ndege nyingi za Lukla haziondokei Kathmandu bali Manthali, katika wilaya ya Ramechhap, mwendo wa saa nne au tano kwa gari. Tulisafiri usiku na kulipokucha tukawa tumeketi ndani ya ndege ndogo, magoti yakigusa kiti cha mbele.

Uwanja wa Lukla uko mita 2,860 juu ya usawa wa bahari. Njia yake ya kurukia ina urefu wa mita 527 tu, nayo imelala kwenye mteremko: ndege hutua ikipanda na huruka ikishuka, na mwisho wa juu ni ukuta wa mlima. Edmund Hillary aliusimamia ujenzi wake mwaka 1964, miaka kumi na moja baada ya yeye na Tenzing Norgay kufika kilele cha Everest tarehe 29 Mei 1953. Leo uwanja unaitwa kwa majina yao wote wawili, na la Tenzing ndilo linalotangulia. Nilifurahi kuliona limewekwa hapo.

Kiongozi wetu alitupokea langoni. Ni Msherpa wa kijiji cha Khumjung, amepita miaka hamsini, mwembamba, na sauti yake ni ya chini. Alituambia tumwite dai, kaka mkubwa, na yeye akaniita bahini, dada mdogo. Pamoja naye alikuwa mpagazi wetu, kijana wa kabila la Warai kutoka vijiji vya chini. Dai aliipima mifuko yetu kwa mizani ya kuning'iniza mbele yetu: kilo ishirini na mbili yote miwili. Akaturuhusu kuondoka.

Kutoka Lukla njia inashuka kabla haijaanza kupanda. Jioni tulikuwa Phakding, mita 2,610, chini kuliko tulikotua. Njiani kuna miamba mikubwa iliyochongwa maneno ya sala kwa maandishi ya Kitibeti, herufi nyeupe juu ya jiwe jeusi, om mani padme hum, mstari juu ya mstari. Dai alitufundisha kuipita kwa upande wa kushoto, ili jiwe libaki mkono wetu wa kulia. Hata pale njia ya kulia ilipokuwa fupi na isiyo na matope, hakuna mwenyeji niliyemwona akiifuata.

Kilichonishika siku ya kwanza hata hivyo ni wapagazi. Si wa watalii, bali wa mizigo ya maduka: mitungi ya gesi, magunia ya mchele, katoni za tambi, mabati, milango mizima. Hubebea katika kapu la mianzi liitwalo doko, na uzito wote huning'inia kwenye namlo, mkanda upitao juu ya paji la uso. Mkononi wana tokma, fimbo fupi yenye umbo la herufi T. Wakichoka hawatui mzigo. Huisimika fimbo chini ya kapu, wakaegemeza uzito juu yake na kupumua wakiwa wamesimama.

Namjua mkanda huo. Nyanya yangu wa Nyeri alibebea kuni kwa mkanda wa ngozi, na hadi anazikwa paji lake lilikuwa na bonde lililochimbwa na miaka ya kubeba. Mwaka 1986 watafiti walichapisha matokeo ya kuwapima wanawake wa Kikuyu na wa Kiluo, wakakuta wanaweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya mtu anayetembea mikono mitupu. Wengine wakaja kuwapima wapagazi wa njia hii hii ya Namche, na mwaka 2005 wakaeleza kwamba mwanamume hapa hubeba, kwa wastani, mzigo unaokaribia uzito wake mwenyewe: asilimia 93. Namba hizo nilizisoma nikiwa nyumbani. Leo nilimwona kijana akipita nami kwenye ngazi za mawe, mishipa ya shingo imesimama, nikasogea ukutani kumpisha, na sikuwa na neno la kumwambia ila namaste.

Siku ya pili: Phakding hadi Namche Bazaar

Siku ngumu. Kuna madaraja ya kuning'inia juu ya mto Dudh Koshi, ambao maji yake ni meupe kwa unga wa mawe yaliyosagwa na barafu. Madaraja haya yana foleni yake. Misafara ya wanyama hupita kwanza, na mtembea kwa miguu husubiri upande wa mlimani, kamwe si upande wa bonde, kwa sababu pembe moja inatosha kumsukuma mtu shimoni. Katika mwinuko huu wengi si yak kamili, ng'ombe wenye manyoya marefu wa milima mirefu, bali dzopkyo, mchanganyiko wa yak na ng'ombe, wanaovumilia joto la mabonde ya chini. Ni Aprili, na timu za Everest zinapandisha vifaa, kwa hiyo kengele zao zilitusindikiza kutwa nzima.

Tulilipia vibali viwili. Kimoja ni cha serikali ya mtaa, iliyopewa jina la Pasang Lhamu Sherpa, mwanamke wa kwanza wa Nepal kufika kilele cha Everest, mwezi Aprili 1993, aliyefariki akiwa anashuka. Kingine ni cha Hifadhi ya Taifa ya Sagarmatha, hapo Monjo, iliyoanzishwa mwaka 1976 na kuingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1979.

Baada ya daraja la juu kabisa, pale mito miwili inapokutana, njia inapanda karibu mita 600 bila huruma hadi Namche. Dai alikataa katakata tuongeze mwendo. "Bistari, bahini," aliniambia kila niliponyoosha hatua, polepole. Mdogo wangu amepanda Mlima Kenya mara kadhaa, na miguu yake ilitaka kukimbia, lakini alitii. Kwa dai hili halikuwa shauri la adabu. Amewashusha watu waliovimba mapafu kwa kupanda haraka.

Namche, mita 3,440. Mji umekaa kwenye shimo la mlima, nyumba zimepangwa ngazi kwa ngazi. Supu ya kitunguu saumu, wali na dengu, usingizi.

Siku ya tatu: Namche, Khumjung, kurudi Namche

Siku ya kuzoeza mwili: panda juu, kisha rudi ulale chini. Tulipanda hadi ng'ambo ya Syangboche, karibu mita 3,900, na hapo kwa mara ya kwanza tukauona Everest vizuri, pembe nyeusi ikichungulia nyuma ya ukuta wa Nuptse na Lhotse. Kwa kweli Ama Dablam, wenye mita 6,812, ulinivutia zaidi. Everest wauona kwa sababu umeambiwa ndio. Ama Dablam hauhitaji kuambiwa.

Dai alitupeleka kwao Khumjung. Shule aliyosoma ilijengwa mwaka 1961 kwa msaada wa Hillary. Juu ya kijiji unasimama Khumbila, mlima unaoitazama kila nyumba ya pale. Nilimuuliza ni nani aliyeupanda. Akasema haupandwi. Ni makao ya mlinzi wa Khumbu, na waliosindikiza wageni kwenye vilele virefu kuliko vyote duniani hawajawahi kukubali kumpeleka mtu kwenye huu ulio nyuma ya nyumba zao.

Hili lilinigusa, maana mimi nimetoka kwa watu walioomba wakielekea Kirinyaga, yaani Mlima Kenya.

Siku ya nne: Namche hadi Tengboche

Kwa saa mbili za kwanza njia imelala ubavuni mwa mlima, karibu tambarare, mto ukiwa mbali chini na Ama Dablam mbele. Kisha inashuka hadi Phunki Tenga, mita 3,250, kwenye daraja. Kando ya mto kuna vibanda vyenye magurudumu ya sala yanayozungushwa na maji: ngoma kubwa zilizoandikwa maneno matakatifu, na kijito kinapita chini kikizisukuma mchana na usiku. Tulikunywa chai hapo kwa sababu baada ya daraja hakuna kingine isipokuwa kupanda, mita 600 na ushee, ndani ya msitu.

Na msitu wenyewe! Rododendroni zilikuwa zimechanua, nyekundu chini, waridi juu zaidi, na miti ya aina moja na mitarakwa yetu ya nyumbani, mifupi na iliyopindapinda, magome yakichunika kwa nyuzi. Niliokota jani moja kavu chini, nikaisugua, ikatoa harufu ile ile. Dai akasema hapa ndilo fukizo: huchomwa kila asubuhi mbele ya nyumba na mbele ya hekalu. Tulimwona danphe, ndege wa taifa la Nepal, dume mwenye shingo inayong'aa rangi ya shaba na kijani, akichakura majani bila kutujali.

Katikati ya mpando ndipo dai alipotoa habari ambayo sikuitarajia. Alikuwa kijana hekalu lilipojengwa upya. Alibeba boriti.

Nitaeleza kwanza yale yanayojulikana. Washerpa husimulia kwamba Lama (mwalimu wa dini) Sangwa Dorje, aliyeishi katika karne ya 17, alikaa Tengboche akitafakari na kuacha alama za nyayo zake kwenye mwamba. Hekalu lenyewe ni la mwaka 1916, kazi ya Lama Gulu, kwa mafungamano na watawa wa Rongbuk, upande wa Tibet, ng'ambo ya Everest. Wafanyabiashara na watawa walivuka kati ya pande hizo mbili kupitia Nangpa La, mlango wa barafu wenye mwinuko wa zaidi ya mita 5,700. Tarehe 15 Januari 1934 tetemeko kubwa la Nepal na Bihar likaliangusha, na Lama Gulu akafariki mwaka huo huo. Likajengwa. Tarehe 19 Januari 1989 likashika moto. Chanzo kilikuwa hitilafu ya umeme, na umeme wenyewe wa maji ulikuwa umefika muda mfupi tu kabla. Maandiko, picha takatifu za kitambaa, nakshi za mbao, karibu vyote viliteketea. Likajengwa mara ya tatu na kuwekwa wakfu mwaka 1993.

Sasa maneno ya dai. Alisema ndani ya hifadhi hawakuruhusiwa kukata miti ovyo, hivyo boriti alizobeba yeye zilitoka chini ya bonde, kule tulikopita siku ya kwanza. Boriti ndefu haiwezi kugawanywa kwa watu wawili kwenye kona hizi, kwa hiyo huibeba mmoja, ikiwa imelala mgongoni kwa upana, na kila anapofika penye mwamba hugeuka ubavu na kwenda mshazari, hatua moja moja. Kwenye madaraja ya kuning'inia walisubiri upepo utulie. Mawe yalichongwa hapa hapa. Nilimuuliza kama alilipwa. "Kwa siku nyingine, ndiyo," akasema. "Siku nyingine nilijitolea. Mama alisema mzigo wa hekalu hauhesabiwi."

Baada ya hapo sikuyatazama mabati ya wapagazi kwa jicho lile lile.

Tulitokea juu, mita 3,867, kupitia lango lililopakwa picha ndani kwa ndani. Hekalu liko upande wa pili wa uwanja wa nyasi, kuta za maziwa na nyekundu nzito, ngazi pana, na nyuma yake theluji pande zote: Kangtega, Thamserku, Ama Dablam, na huko mwisho wa bonde Lhotse na Everest. Nilikaa kwenye ngazi kwa muda kabla ya kuvua viatu.

Sala ya alasiri ilianza saa tisa. Wageni huketi ukutani, kimya, bila kupiga picha, miguu haielekezwi kwa sanamu. Watawa waliingia mmoja mmoja wakiwa wamejifunika mavazi ya rangi ya damu ya mzee, wengine bado wavulana wenye pua zinazotiririka kwa baridi. Mbele kuna sanamu ya Buddha Shakyamuni, kubwa hata inapenya hadi ghorofa ya pili, kwa hiyo ukiwa chini uso wake unauona kwa kuinua shingo. Taa za siagi zinawaka mbele yake. Maandiko yamefungwa kwa vitambaa na kupangwa ukutani, kurasa ndefu zisizoshonwa.

Wanasoma kwa sauti ya kifuani, chini kabisa, maneno yakifuatana bila nafasi, kisha ghafla matoazi, ngoma iliyosimamishwa kwa mpini na kupigwa kwa kijiti kilichopinda, na baragumu. Katikati ya sala mvulana alipita na birika kuwamiminia chai, wakanywa, wakaendelea. Mimi ni Mkristo na nilikaa pale kama mgeni. Sikuelewa neno. Lakini nilijua kwamba kila nguzo niliyoegemea na kila ubao chini yangu ulipanda njia ile tuliyopanda, juu ya paji la mtu, na mmoja wa watu hao ameketi kando yangu amefumba macho. Nililia kidogo. Mdogo wangu alinishika mkono.

Usiku jiko la nyumba ya wageni lilichochewa kwa mavi makavu ya yak. Baridi ilipita kwenye mbao. Dai alituambia kwamba vuli ukumbi huu wa nje hujaa watu kwa sikukuu ya Mani Rimdu, ngoma za vinyago zilizotoka Rongbuk, na wazazi wake walitembea kutoka Khumjung wakiwa wamemfunga mgongoni kuja kuiona.

Siku ya tano: Tengboche, Pangboche, kurudi Tengboche

Tuliamshwa na baragumu. Everest ulikuwa wazi, na kileleni upepo ulikuwa ukipeperusha theluji upande mmoja.

Tulishuka kupitia Deboche, penye nyumba ya watawa wa kike, iliyo ndogo na tulivu kuliko ya wanaume, kisha tukavuka mto na kupanda hadi Pangboche, karibu mita 3,950. Hekalu la Pangboche ndilo kongwe kuliko yote Khumbu, nalo huhusishwa na Lama Sangwa Dorje yule yule. Miti iliyolizunguka, wanasema, ilichipuka kutoka nywele zake alizozinyoa na kuzitawanya. Hakuna anayeikata, na imekuwa minene kuliko yoyote niliyoiona bondeni. Nadhani mtu anayetaka kuelewa Tengboche anapaswa kuja hapa pia: dari ya chini, giza, moshi wa miaka mingi kwenye nguzo, hakuna wageni isipokuwa sisi. Mama mmoja mzee alikuwa akilizunguka juani, shanga mkononi, na alipotukuta tumesimama akatuashiria kwa kidevu tuzunguke naye. Tukazunguka.

Mchana mawingu yakafunga bonde. Tulirudi Tengboche kwa mvua nyepesi ya theluji.

Siku za kushuka: Namche, Lukla

Kushuka hakuna mengi ya kuandika. Magoti yanauma, hewa inanenepa, bei ya chai inapungua kila kijiji, kwa kuwa umbali wa kuibeba unapungua. Watalii kadhaa niliwasikia wakilalamikia bei hizo. Mimi ningewaomba tu wakae nusu saa kando ya daraja la Phunki Tenga na kutazama nani anapita.

Lukla, jioni ya mwisho, tuliwalipa dai na kijana wetu mkononi, kila mmoja chake, kisha tukala pamoja. Dai alikuwa amesikia kwamba mwaka 2022 Mkenya, James Kagambi, alifika kilele cha Everest. Akataka kujua habari za mlima wetu. Nikamwambia kwamba Eric Shipton, aliyepita Khumbu mwaka 1951 kutafuta njia ya Everest, alikuwa ameishi Kenya akilima kahawa, kwamba mwaka 1929 alipanda Nelion, kimoja cha vilele vya Mlima Kenya, pamoja na Percy Wyn-Harris, na kwamba hadi leo kuna kambi yenye jina lake chini ya vilele vyetu. Bill Tilman, aliyepanda naye Mlima Kenya mwaka 1930, alifika Tengboche mwaka 1950. Dai alilijua jina la Shipton tangu utoto, lakini hakujua kwamba lilitokea kwetu.

Kijana wa Kirai akauliza wapagazi wa huko wanabeba kilo ngapi. Nikamjibu kwa ninalolijua hakika: Kilimanjaro, upande wa Tanzania, mizigo hupimwa langoni na kikomo ni kilo 20. Akauliza, na mizigo ya maduka? Nikasema hakuna maduka, juu ya msitu hakuna anayeishi. Walizungumza kwa Kinepali kwa muda.

"Basi kule juu ni kwa wageni tu," dai akasema.

Nikamwambia hapana. Mlima wetu, Kirinyaga, ni makao ya Ngai, Mungu wetu Wakikuyu, na wazee waliomba wakiuelekea.

"Na mnaupanda?"

"Tunaupanda."

"Mnaomba ruhusa?"

Nilimwambia ukweli, kwamba wengi wetu tunalipa langoni na kuanza safari. Hakunihukumu. Alisema siku akija, kabla hatujapita lango atachoma majani ya mtarakwa na kusoma sala yake fupi, nasi tusimame naye. Mdogo wangu akakubali mara moja. Kisha dai akatoa daftari, nikamwandikia jina la njia, Sirimon, na miezi ya ukavu, Januari na Februari, na akataka nimwandikie pia jina la mlima kwa Kikuyu, herufi kubwa, aweze kulisoma.